Mothercraft: Neno Linalozushiwa Mengi

Katika semina za malezi za siku hizi, neno la Kiingereza mothercraft halikosi msemaji wa kulitaja. Ukilivunja utapata mama na ufundi, na lilipovuma lilikuwa jina la elimu ya kulea mtoto mchanga: kumnyonyesha, kumwogesha, kumlaza, kumvisha, kumpima uzito. Huko Uingereza kwenyewe vijana wengi hawalijui tena. Wasemaji wetu hulitaja kwa masikitiko, kana kwamba ni urithi wa busara uliopotea. Wengine hulitaja kwa hasira, kana kwamba ni fimbo ya mkoloni. Pande zote mbili zimelibebesha mambo ambayo historia yake haiyakubali. Nimechagua madai yanayorudiwa zaidi. Baadhi nitayajibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna jambo. Mengine yatatoshwa na mistari michache.

“Ni neno la kale, limetoka kwa mabibi wa Kiingereza wa enzi za kati.”

Kilicho cha kale ni vipande vyake. Craft limo katika Kiingereza tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na maana yake ya kwanza ilikuwa nguvu. Wajerumani wangali na nduguye, Kraft, mwenye maana hiyo hiyo. Waingereza wakalisogeza likawa ustadi, kisha wakawa wanalipachika nyuma ya majina: witchcraft ni uchawi, woodcraft ni ujuzi wa porini, statecraft ni ustadi wa kuendesha dola. Mama hakuwamo katika orodha hiyo. Aliyetaka kuandika juu ya kulea aliandika nursing, au rearing, au management. Daktari William Cadogan, ambaye mwaka 1748 alitoa kijitabu kilichosomwa sana kuhusu watoto wachanga, alitumia nursing na management katika jina la kijitabu chenyewe, na hakuona kuwa amepungukiwa na neno.

Mothercraft lilienea katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wakati Waingereza walipokuwa na uchu wa kupachika craft nyuma ya kila kitu. Wasichana mashuleni walifundishwa housecraft. Mwaka 1908 Robert Baden-Powell, huyo huyo aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alitoa kitabu chake cha skauti na wavulana wakapata scoutcraft. Mama naye akapewa ufundi wake. Umri wa neno hili ni umri wa skauti.

Na halikuja bila sababu. Katika vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, wanaume wengi wa mijini waliojitokeza kuandikishwa jeshini walirudishwa makwao kwa udhaifu wa mwili. Serikali ya Uingereza ikaunda kamati ya kuchunguza kudhoofika kwa miili ya raia, na ripoti yake ikatoka mwaka 1904. Wakati huo vifo vya watoto wachanga vilikuwa vya kutisha: mwaka 1899, katika kila watoto 1000 waliozaliwa hai England na Wales, 163 hawakufikisha umri wa mwaka mmoja. Dola iliyohitaji askari na walowezi ikaanza kuwahesabu watoto wa maskini ambao hapo nyuma haikuwajali. Mwanahistoria Anna Davin alilieleza hili mwaka 1978 katika makala yake mashuhuri kuhusu dola na umama, na tangu hapo sijaona aliyelikanusha kwa hoja nzito. Bibi anayesingiziwa neno hili hakuwamo katika kamati ile.

“Lilibuniwa na Daktari Truby King wa New Zealand.”

Kosa hili lina sababu yake, maana hakuna aliyelitangaza jina hilo kama yeye. Frederic Truby King alizaliwa New Plymouth mwaka 1858, akasomea udaktari Edinburgh, na kuanzia 1889 akawa msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Seacliff, karibu na Dunedin. Hospitali ilikuwa na shamba la mifugo, na ndama walisumbuliwa na kuhara. King akapanga upya namna ya kuwalisha, ndama wakapona, naye akaanza kuuliza kwa nini ndama apimiwe maziwa kwa uangalifu ilhali mtoto wa mtu hulishwa chochote kilichopo. Mei 1907 alianzisha mjini Dunedin chama cha afya ya wanawake na watoto, ambacho watu walizoea kukiita Plunket kwa heshima ya Lady Victoria Plunket, mke wa gavana. Isabella, mkewe King, ndiye aliyeshika kalamu ya safu ya magazetini kuhusu watoto kwa jina la kupanga la Hygeia.

Tarehe, hata hivyo, zinamkana. Mwaka huo huo wa 1907, mtaa wa St Pancras jijini London ulipata shule yake ya akina mama, iliyoiga mfano wa mji wa Ghent huko Ubelgiji. Wafaransa walikuwa wametangulia wote: Pierre Budin alikuwa akiwapokea mama na watoto wao katika kliniki ya ushauri Paris tangu 1892, na Léon Dufour alifungua kituo cha kugawa maziwa salama Fécamp mwaka 1894. Wafaransa walikuwa hata na neno lao, puériculture, tangu miaka ya 1860. Kule New York, shule iliyobeba jina la Mothercraft ilifunguliwa mwaka 1911, na mkuu wake, Mary Read, akatoa mwongozo wenye neno hilo jaladani mwaka 1916. King alikuja kufanya kazi London kuelekea mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, na hapo ndipo ilipozaliwa Mothercraft Training Society. Hata kile kitabu kinachoitwa Mothercraft, ambacho wengi humpa yeye, si chake. Kiliandikwa na binti yake wa kulea, Mary Truby King, na kutoka mwaka 1934.

“Watu wa mothercraft ndio walioleta kunyonyesha kwa saa, wakawaachisha wanawake kunyonyesha.”

Hapa yamefungwa pamoja madai mawili, moja la kweli nusu na jingine la uongo kabisa.

Ratiba ilikuwapo, na ilikuwa kali. Mtoto wa King alinyonya saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Baada ya hapo hakuna kitu hadi kunapambazuka. Akilia katikati, mama alitakiwa kuangalia kama amelowa au ana joto. Akiona hana shida, amrudishe kitandani na kumwacha. Siwezi kuitetea ratiba hiyo. Ila haikuwa uvumbuzi wa King. Cadogan, mwaka ule wa 1748, alikwisha kushauri mtoto anyonye mara nne tu kwa mchana na asipewe kitu usiku. Emmett Holt wa New York alikuwa na jedwali la saa katika kitabu chake cha 1894, na madaktari wa watoto wa Ujerumani, akiwemo Adalbert Czerny, walisisitiza nafasi ya saa nne kati ya mlo na mlo. King alirithi saa. Alichoongeza ni wauguzi waliovaa sare na kuipeleka nyumba kwa nyumba.

Kuhusu ziwa, dai limegeuza mambo juu chini. King alihubiri maziwa ya mama kwa ukali ule ule aliohubiria saa. Maziwa ya ng'ombe yaliyorekebishwa yalikuwa ya mtoto aliyekosa kabisa njia nyingine, na hospitali za Karitane, zilizofuata mfumo wake, ziliwalaza akina mama ili warudishe maziwa yaliyokauka. Mkosoaji mwenye haki angemshika kwingine. Maziwa ya mama hutengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya. Ukipunguza mara za kunyonya, hasa usiku na hasa wiki za mwanzo, maziwa nayo hupungua, kisha mama anaambiwa hana maziwa ya kutosha. Ratiba ya King ilikuwa ikibomoa kimyakimya kile alichokihubiri mwenyewe, na sidhani kama aliwahi kuliona hilo.

“Takwimu za New Zealand zinathibitisha kwamba mothercraft iliokoa watoto.”

Hili ndilo dai lenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa linakuja na namba. Mwaka 1907, chama kilipoanza, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilikuwa takriban 89 kwa kila 1000 waliozaliwa hai. Miaka thelathini baadaye vilikuwa takriban 32. Hizo ndizo namba zilizompeleka King London, zikampa cheo cha Sir mwaka 1925, na alipofariki mwaka 1938 akazikwa kwa mazishi ya kitaifa.

Tuzitazame vizuri. Kwanza, hazikuwahesabu watoto wa Wamaori, ambao vifo vyao vilikuwa vingi zaidi. Ni namba za walowezi peke yao. Pili, vifo vya watoto wa walowezi hao vilikuwa vimekwisha kuanza kushuka kabla hata ya King kufungua mlango wa kituo chake cha kwanza, na vilikuwa miongoni mwa vya chini duniani. Watu walikuwa wachache na wametawanyika, maziwa yalikuwa karibu, familia zilikuwa zinazidi kuwa ndogo. Tatu, vifo vya mwezi wa kwanza wa maisha, vile vinavyotokana na uzazi wenyewe, havikupungua kwa kiasi kama hicho. Philippa Mein Smith na Linda Bryder, wanahistoria wawili waliochimba kumbukumbu za nchi ile na za Australia, wameonyesha jinsi ilivyo vigumu kumkabidhi King sifa zote hizo.

Kisha tazama England na Wales. Kutoka 163 mwaka 1899, vifo vilishuka hadi 95 mwaka 1912, miaka mitano kabla ya King kuja kufanya kazi huko. Katikati ya mteremko huo kuna mwiba mmoja: mwaka 1911 namba ilipanda ghafla hadi 130. Mama wa Kiingereza hawakusahau kulea mwaka huo halafu wakakumbuka mwaka uliofuata. Kilichotokea ni kiangazi cha joto kali. Magari ya mijini yalivutwa na farasi, farasi huacha mavi barabarani, mavi huzalisha nzi, nzi hutua kwenye maziwa yaliyokaa wazi kwenye bakuli, na watoto wakafa kwa kuhara.

Haimaanishi kwamba mafunzo hayakuwa na faida. Chukua chupa ya kunyonyeshea iliyokuwa ikiuzwa wakati ule: kioo bapa chenye mpira mrefu mithili ya utumbo, na chuchu mwishoni, ili mtoto ajinyonyee mwenyewe akiwa amelala huku mama akiendelea na kazi. Hakuna brashi iliyoweza kupita ndani ya mpira ule. Maziwa yalioza humo siku baada ya siku. Muuguzi aliyeingia nyumbani akamshawishi mama aitupe chupa hiyo na kuchukua ile fupi ya kuoshika aliokoa maisha, na hilo halihitaji takwimu. Ninachokataa ni kumpa yeye peke yake deni lote la shukrani, tukayasahau maji ya bomba, vyoo, ukaguzi wa maziwa na mshahara.

“Watoto walikufa kwa ujinga wa mama zao, ndiyo maana neno likahitajika.”

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu dai hili lingali hai hata kwetu, ila limebadili nguo.

Waliokuwa wakilisema wakati ule hawakuwa watu wadogo. George Newman, ambaye baadaye alikuwa daktari mkuu wa serikali, aliandika kitabu kizima mwaka 1906 kuhusu vifo vya watoto wachanga, na hitimisho lake lilikuwa kwamba tatizo, kwa sehemu kubwa, ni la umama wenyewe. Akishajua mama, mtoto atapona. Kwa mwenye bajeti hoja hiyo ilikuwa na utamu wake: darasa ni rahisi kuliko nyumba.

Jibu zuri kuliko yote lilitolewa na mwanamke aliyekulia New Zealand hiyo hiyo ya King. Maud Pember Reeves alihamia London mwaka 1896 na mumewe, aliyekuwa mwakilishi wa koloni lile. Kuanzia 1909, yeye na wenzake wa kundi la wanawake wa Fabian, jumuiya ya wajamaa, walizitembelea kila wiki familia za Lambeth, kusini mwa mto Thames. Hawakuchagua walevi wala wasio na kazi. Walichagua nyumba ambazo baba ana ajira na mapato ni kiasi cha pauni moja kwa wiki, pengine chini kidogo. Wakawaomba akina mama waandike matumizi yao, senti kwa senti, na ambao hawakujua kuandika waliandikiwa na waume au watoto. Kitabu kilitoka mwaka 1913, Round About a Pound a Week.

Humo uji wa shayiri umeelezwa namna ambayo kila mwanasemina angepaswa kusikia. Wataalamu waliimba: maskini wale uji, ni wa bei nafuu na unajenga mwili. Mama wa Lambeth waliujua. Lakini sufuria ilikuwa moja, na jana yake ilipikiwa samaki au mchuzi. Uji unataka moto mdogo wa muda mrefu na mtu wa kuukoroga, na mama ana mtoto mkononi, mwingine miguuni, na makaa ya kubana. Ukaungua, ukanukia mlo wa jana. Maziwa ya kuulainishia hayakuwapo, sukari ilikuwa ya kuhesabu. Watoto wakaukataa, baba akatishia kuurusha. Mkate ulishinda kwa sababu hauhitaji sufuria, wala sahani, wala muda.

Mwenye kusoma daftari zile anakutana pia na bima ya mazishi. Wiki baada ya wiki, kabla ya nyama na kabla ya viatu, familia ilitoa peni kadhaa kwa ajili ya mazishi ya watoto waliokuwa hai. Mwenye kuona huo ni upumbavu hajawahi kuzikiwa mtoto na manispaa, katika kaburi la maskini. Mama hao walijua hesabu kuliko kamati. Walijua uwezekano wa mtoto kufa, wakauwekea akiba. Pango la chumba chenye unyevu lilikula karibu theluthi ya mapato, na kilichobaki baba alilishwa kwanza kwa kuwa yeye ndiye mleta mshahara. Mama alikula mwisho, huku akinyonyesha. Hakuna somo la kumnyonyesha mtoto ambalo lingeongeza chakula kwenye sahani hiyo.

Waanzilishi wa ile shule ya St Pancras walilielewa hili mapema. Walikuwa na mizani na ushauri, lakini walikuwa pia na meza ya chakula: mama anayenyonyesha alipewa mlo kamili wa mchana pale pale. Na akina mama wenyewe walisema. Mwaka 1915 chama cha wanawake wa ushirika, Women's Co-operative Guild, kilichapisha barua 160 za wanachama wake kuhusu mimba, uzazi na kazi, na kinachosikika zaidi ndani yake ni uchovu na uhaba wa fedha. Chama hicho kilikuwa kimekwisha kupata ushindi mmoja. Sheria ya bima ya 1911 iliweka posho ya uzazi ya shilingi 30. Marekebisho ya 1913 yakaifanya kuwa mali ya mama mwenyewe. Kwangu mimi, marekebisho hayo yana uzito kuliko mihadhara mingi ya mothercraft.

“Lilikuwa neno la wanaume la kuwaamrisha wanawake.”

Wanaume wa kuamrisha walikuwapo. Cadogan alifurahi waziwazi kwamba hatimaye malezi ya watoto yanashughulikiwa na wanaume wenye akili. Lakini kamati za Plunket, kutoka mji hadi mji, ziliendeshwa na wanawake. Wauguzi walikuwa wanawake. Michango ilikusanywa na wanawake. Na Bryder ameonyesha kwamba akina mama hawakuwa watu wa kupokea amri tu, walichukua walichoona kinafaa. Hata fathercraft ilikuwapo, neno na mihadhara yake, ingawa wahudhuriaji hawakujaa kumbi.

“Kwetu halikufika, na lilikofika Afrika lilikuta wanawake wasiojua kulea.”

Lilifika. Mwaka 1921, Namirembe, Kampala, ilifunguliwa Lady Coryndon Maternity Training School, kazi ya Daktari Albert Cook na mkewe Katharine, muuguzi, kwa ajili ya kuwafunza wasichana wa Uganda ukunga wa hospitali. Jina ni la mke wa gavana, kama ilivyokuwa Dunedin. Kenya, mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilianzisha vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, na masomo yake ya awali yalikuwa kushona, kupika, usafi na kulea, chini ya neno ndugu, homecraft. Sayansikimu ya mashuleni Tanzania ni ya ukoo huo huo.

Lakini wasiojua kulea? Pwani na bara kulikuwa na kungwi na somo, kulikuwa na mkunga, kulikuwa na arobaini ambazo mzazi alikandwa, akalishwa, akapumzishwa kazi. Elimu hiyo ilikuwa na walimu, wakati wake na miiko yake. Sidai kwamba yote ilikuwa sahihi. Maziwa ya kwanza ya njano yalikamuliwa na kumwagwa sehemu nyingi, na mtoto wa wiki chache kupewa maji au uji ni mazoea ambayo wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wanapambana nayo hadi sasa. Ila kuwa na kosa katika elimu si sawa na kutokuwa na elimu. King naye alikuwa na saa zake.

Tena kuna mfano wa wazi wa daktari aliyefundishwa na mama wa Kiafrika. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, kuanzia 1929. Aliona watoto wenye miguu iliyovimba, nywele zilizofifia na ngozi inayochubuka, na vitabu vyake havikuwa na jina la ugonjwa huo. Akawauliza wanawake. Wakamwambia kwa lugha ya Kiga: kwashiorkor, maradhi yanayomshika mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mwenzake amezaliwa. Jina lilikuwa tayari lina maelezo ya chanzo: ziwa limeondoka. Williams alilipeleka jina hilo katika jarida la Lancet mwaka 1935, nasi tukalipata kama kwashakoo.

Mwishoni mwa safari yake Afrika Mashariki, elimu ya mothercraft ilibadilika sura. Katika miaka ya 1960, hospitali ya Mulago ilianzisha kituo cha Mwanamugimu, kilichochukua jina lake kwenye methali ya Kiganda isemayo mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko. Vituo vya namna hiyo, Uganda na Haiti, wataalamu wa lishe waliviita mothercraft centres. Mama alikaa kituoni na mtoto wake mgonjwa, akapika mwenyewe. Chakula kilikuwa kitobero: matoke, maharage au karanga zilizotwangwa, mboga, pengine samaki, vikafungwa pamoja katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke juu ya chungu cha nyumbani. Hakikuhitaji kopo la dukani. Mama alimwona mtoto wake akinyanyuka kwa chakula ambacho angeweza kukipika tena akirudi kijijini, na majirani walimwona pia. Ukiniuliza ni wapi neno hili lilitendewa haki, nitakuelekeza Mulago kabla sijakuelekeza Dunedin.

“Wanaharakati wa wanawake ndio waliolizika.”

Lilikuwa limekwisha kudhoofika kabla yao. Benjamin Spock alitoa kitabu chake mwaka 1946, akawaambia wazazi wa Marekani waachane na saa na wajiamini. Ripoti ya John Bowlby kwa Shirika la Afya Duniani, 1951, ilielekeza macho kwenye upendo na ukaribu wa mama, mambo ambayo King hakuyapa nafasi kubwa. Makao ya Mothercraft Training Society huko Highgate yalifungwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950. Kliniki za Uingereza zikahamia parentcraft, ili baba naye ahesabiwe, kisha kuanzia miaka ya 1970 parenting likafunika yote. Duka la Mothercare, lililofunguliwa mwaka 1961, halihusiani na mkondo huu ingawa wapo wanaoyachanganya; lile liliuza nguo na magari ya kusukumia watoto.

Wala halijazikwa. Toronto kuna shirika linaloitwa Mothercraft tangu 1931, nalo lingali kazini. Australia ilikuwa na wauguzi wenye cheo cha mothercraft nurse kwa miongo mingi. Wanafunzi wa udaktari India bado hulikuta katika kitabu chao kikuu cha afya ya jamii, sehemu ya huduma za wajawazito, pamoja na lishe, usafi na bajeti ya nyumbani.

Basi waandaaji wa semina, mkitaka kulitumia neno hili litumieni, hakuna aliyewakataza. Ombi langu ni moja: mkiliandika ubaoni, andikeni na mwaka wake, na msimpachike bibi wa mtu yeyote. Na kabla ya kumfundisha mama namna ya kupika uji, mwulizeni ana sufuria ngapi.